Kung'oa chujio la moshi la lori ni nafuu ya siku moja

Na Mwandishi Wetu

MSAFIRISHAJI wa Kituntu, wilayani Karagwe, anayenunua lori lililotumika siku hizi hukuta ndani yake kitu ambacho kizazi kilichomtangulia hakikukijua. Kati ya injini na ncha ya bomba la moshi umefungwa mtambo mzima wa kusafisha moshi. Una chujio, una sensa, pengine una tangi la pili dogo kando ya tangi la dizeli, na una kompyuta inayousimamia. Kompyuta hiyo ikibaini kwamba moshi hausafishwi ipasavyo, huwasha taa ya njano kwenye dashibodi. Onyo lisipozingatiwa, huipunguzia injini nguvu.

Kwa mtu mwenye shehena ya ndizi au kahawa, na mkopo wa benki uliotumika kununulia lori, taa hiyo ni habari mbaya. Ndizi hazimsubiri fundi, na benki haiahirishi tarehe ya marejesho kwa sababu lori limekwama mlimani. Ndipo unapokuja ushauri wa gerejini: ng'oa chujio, ziba vali, idanganye kompyuta, gari litatembea.

Ushauri huo huonekana kufaa siku ile ile, na ndiyo maana unapendwa. Maswali ambayo gereji haiyajibu ni nani atakayelipa baadaye, na kama hitilafu yenyewe isingeweza kuzuiwa kwa gharama ndogo kabla lori halijakwama.

Mtambo ulikotoka

Mtambo huu haukubuniwa kwa ajili ya barabara za Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili zilizokuwa moja hadi mwaka 2012. Ulizaliwa kwenye miji iliyochoshwa na moshi mweusi. Oktoba 1, 2003, Tokyo na mikoa jirani ilianza kuzuia malori ya dizeli yasiyofikia kiwango cha masizi kilichowekwa. Wenye malori ya zamani walitakiwa kufunga machujio au kununua malori mapya. Mwaka 2004 kampuni ya Nissan Diesel ilitoa lori la Quon, moja ya malori mazito ya kwanza duniani kutumia kimiminika cha urea kupunguza gesi zenye sumu.

Ulaya ilipita njia hiyo hiyo kwa hatua. Kiwango cha Euro IV kilianza mwaka 2005, Euro V mwaka 2008, na Euro VI kwa malori mazito mwishoni mwa mwaka 2013. Marekani ilikaza masharti mwaka 2007 na tena mwaka 2010.

Tarehe hizo zina maana kwa mnunuzi wa Kagera. Lori lililotengenezwa Japani au Ulaya katika muongo wa pili wa karne hii sasa ni lori kuukuu huko lilikotoka, na linauzwa kwa bei ambayo msafirishaji wa Afrika Mashariki anaweza kuifikia. Linakuja na mtambo wake, lakini haliji na fundi wala mashine ya kuusoma.

Wakati mwingine haliji hata na mtambo uliokamilika. Ukaguzi wa magari yaliyokuwa yakisafirishwa kwenda Afrika, ambao matokeo yake yalitangazwa na serikali ya Uholanzi Oktoba 2020, ulikuta magari mengi yakiwa machakavu, na mengine yakiwa yameng'olewa vifaa vya kusafisha moshi kabla ya kupakiwa melini. Mnunuzi asiyechungulia chini ya lori anaweza kulipia kitu ambacho hakipo.

Unavyofanya kazi

Mtambo una sehemu tatu kuu, ingawa si kila lori linazo zote. Ya kwanza ni vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza joto la uunguaji. Mafundi huiita EGR. Joto likipungua, hupungua pia oksidi za naitrojeni, gesi zinazoumiza mapafu.

Sehemu ya pili ni chujio la masizi, ambalo mafundi hulitaja kwa herufi tatu, DPF. Hunasa zaidi ya asilimia 90 ya masizi yanayotoka kwenye injini. Kwa kuwa kila chujio hujaa, hili limepewa uwezo wa kujisafisha. Lori likienda mwendo mrefu wenye kazi, joto la moshi hutosha kuyapunguza masizi taratibu. Lisipotosha, kompyuta huongeza dizeli kidogo ili kulipandisha joto la chujio hadi nyuzi 550 au 600 za Selsiasi, na masizi huungua.

Sehemu ya tatu ni ile ya urea. Kimiminika kinachojulikana kwa jina la AdBlue hunyunyizwa ndani ya bomba la moshi, kikageuka kuwa amonia. Amonia hiyo, ikikutana na kichocheo kilichomo ndani ya bomba, hugeuza oksidi za naitrojeni kuwa naitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Lori hutumia takribani lita 3 hadi 6 za AdBlue kwa kila lita 100 za dizeli.

Sheria za Ulaya ziliweka adhabu ndani ya gari lenyewe ili dereva asiupuuze mtambo huu. Katika malori mazito ya Euro IV na Euro V, mtambo wa urea usipofanya kazi nguvu ya kuvuta hushushwa hadi asilimia 60. Katika Euro VI nguvu hupunguzwa kwanza kwa robo, na dereva akiendelea kupuuza, lori hutambaa kwa kilometa 20 kwa saa. Lori lenye tani za mzigo likikutwa na hali hiyo kwenye mlima, dereva hudhani injini imekufa, kumbe ni nzima na inatii amri.

Chanzo kiko mbele ya chujio

Kosa linalowagharimu wengi ni kudhani kwamba kilichoziba ndicho kilichoharibika. Chujio ni kama kichungi cha maji ya kunywa: likijaa haraka, jambo la kuuliza ni tope limetoka wapi.

Nozeli inayovuja dizeli badala ya kuipuliza kama ukungu huzalisha masizi mengi kupita kiasi. Tabo inayopitisha oili huimwagia chujio oili ambayo halikuumbwa kuipokea. Chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara ya udongo huinyima injini pumzi, na dizeli isiyopata hewa ya kutosha haiungui yote. Mpira wa hewa uliopasuka kati ya tabo na injini hufanya vivyo hivyo. Msafirishaji akisafisha chujio la moshi bila kugusa vyanzo hivyo, taa ya njano itarudi baada ya safari chache.

Chanzo kingine ni mafuta. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia, kuanzia Januari 2015, dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika kila sehemu milioni moja. Kabla ya hapo viwango vya nchi moja moja viliruhusu salfa mara 10 ya hiyo au zaidi. Hatua hiyo ndiyo iliyofanya malori yenye machujio yaweze kutumika katika ukanda huu, kwa sababu salfa hudhoofisha vichocheo na kuongeza uchafu ndani ya chujio. Hata hivyo, lori la Euro VI lilitengenezwa kwa dizeli ya Ulaya yenye salfa isiyozidi sehemu 10, hivyo halina nafasi ya kuvumilia mafuta yaliyo chini ya kiwango.

Mafuta hayo yapo. Uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na katika bajeti ya 2011/12 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa tamaa ya kuyachanganya. Dizeli ya madumu inayouzwa kando ya barabara haina wa kuihakikisha. Inaweza kuwa na maji, vumbi au mafuta ya taa, na akiba ya shilingi mia chache kwa lita huishia kwenye nozeli.

Oili nayo ina mchango wake. Oili ya kawaida ikiungua huacha majivu ya madini, na majivu hayaungui hata chujio lipashwe joto kiasi gani. Ndiyo sababu watengenezaji wa malori yenye DPF hutaka oili yenye majivu machache, kama ile yenye alama ya CJ-4 au CK-4 kwenye kopo. Anayenunua oili kwa kuangalia bei pekee huanza kuliziba chujio kwa mkono wake mwenyewe.

Safari inayofaa na isiyofaa

Jambo linalosahaulika zaidi ni aina ya safari. Chujio la moshi hupenda mwendo mrefu na hudhurika kwa mwendo wa kusimama simama.

Lori linalozunguka vijijini kukusanya kahawa kwenye vyama vya msingi au ndizi kwenye vibanja hutembea kilometa chache, husimama, huacha injini ikinguruma wakati wa kupakia, kisha hutambaa tena kwenye njia ya udongo. Moshi wake haufikii joto la kutosha. Kompyuta huanza kupandisha joto, dereva anazima injini, na kazi inakatika katikati. Ikikatika mara kwa mara, masizi hurundikana na dizeli ya ziada isiyoungua huweza kuteremka na kuchanganyika na oili. Dereva makini huiona dalili hiyo kwenye stiki ya oili: kiwango hupanda badala ya kushuka.

Lori lile lile likipewa safari ya kutoka Karagwe hadi Mwanza au Dar es Salaam huwa na afya tofauti kabisa. Likishapata lami ya Kyaka na kuendelea, hukaa saa nyingi kwenye mwendo mmoja, moshi hupata joto na chujio hujisafisha bila dereva kujua.

Hivyo kinga ya kwanza huanza siku ya kununua. Mwenye kazi ya kukusanya mazao vijijini hana sababu ya kuchagua lori lenye mtambo unaotegemea safari ndefu, kama lipo zima lisilo nao linalokubalika kisheria. Mwenye kazi ya masafa marefu anaweza kunufaika na lori la kisasa linalotumia mafuta vizuri. Mwenye yote mawili afadhali agawe kazi: lori moja likusanye, jingine lisafirishe. Na anayelazimika kutumia la kisasa vijijini alipangie kila wiki safari moja ya barabara kuu isiyokatizwa.

Urea ya shambani si urea ya lori

Katika wilaya ya wakulima, tangi la AdBlue lina kishawishi chake. Neno urea linafahamika kwa kila mwenye shamba la mahindi, na mfuko wake unapatikana dukani. Kuna anayeona ni busara kuikoroga na maji ya kisima na kuimimina kwenye tangi la lori.

Hesabu hiyo ni ya hasara. AdBlue ni asilimia 32.5 ya urea safi sana iliyochanganywa na maji yaliyoondolewa madini, kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 22241. Urea ya mbolea ina kemikali nyingine zisizodhuru mahindi, lakini huganda kwenye pua ya kunyunyizia na kuua kichocheo. Maji ya kisima yana chokaa. Mabonge meupe yakishajaa ndani ya bomba, kinachonunuliwa si lita 20 za AdBlue tena, ni pampu, pua na pengine kichocheo kizima.

Wakati huo huo, kiasi kinachohitajika si kikubwa. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,300. Lori linalotumia lita 40 za dizeli kwa kila kilometa 100 litakunywa lita 520 katika kilometa hizo, na AdBlue kati ya lita 16 na 31. Ni dumu moja au mawili, yanayoweza kununuliwa mjini na kubebwa yakiwa yamefungwa vizuri, mbali na jua na vumbi.

Gharama ya kung'oa

Anayeng'oa chujio anaweza kusema kwamba lori lake limepona. Ukweli ni kwamba mjumbe ametimuliwa na ujumbe umebaki. Nozeli inayovuja itaendelea kuvuja, na tabo inayopitisha oili itaendelea kuipitisha, safari hii bila taa ya kuonya, hadi siku injini yenyewe itakapofunguliwa. Aidha, programu ya kompyuta iliyochezewa na mtu asiye na ujuzi inaweza kubadili kipimo cha mafuta, injini ikala zaidi au ikachemka. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Gharama nyingine haimo kwenye daftari la msafirishaji. Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa injini za dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kundi hilo ndilo lenye moshi wa sigara na vumbi la asbesto.

Wanaouvuta kwa wingi si wapita njia wa mara moja. Ni utingo anayelala ndani ya lori linalonguruma, ni wapakiaji wanaosimama nyuma ya bomba la moshi kutwa nzima, ni mama anayeuza ndizi mbivu mahali malori yanaposimama, na ni watoto wa shule wanaotembea kando ya barabara ambayo lori hupanda kwa gia ndogo.

Udanganyifu wa moshi haukuanzia kwenye gereji za uswahilini. Septemba 2015 ilibainika Marekani kwamba Volkswagen ya Ujerumani ilifunga programu ya kudanganya vipimo, na kampuni hiyo ikakiri kwamba magari takribani milioni 11 duniani yalikuwa nayo. Tofauti ni kwamba kule vilikuwepo vipimo vilivyoweza kuwafichua wadanganyifu.

Kinga isiyo na gharama kubwa

Kazi ya dereva ni ndogo lakini ya kila siku. Taa ya chujio ikiwaka, aendelee na mwendo hadi lijisafishe, au akisimama kulisafisha kwa kitufe pale kilipo, asiegeshe juu ya majani makavu, kwa kuwa bomba huwa na joto la kuwasha moto. Injini izimwe wakati wa kupakia, isiachwe ikinguruma kwa saa nzima. Stiki ya oili na maji ya rejeta vikaguliwe kila asubuhi: oili inayoongezeka au maji yanayopungua bila kuvuja nje ni dalili ya hitilafu kwenye mtambo.

Kazi ya mwenye gari ni kununua dizeli kwenye vituo vinavyotoa stakabadhi, kutumia oili iliyotajwa na mtengenezaji, na kubadili chujio la hewa mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu kitabu hakikuandikwa kwenye vumbi la Kagera. Chujio la moshi lishushwe na kusafishwa majivu kwa mashine maalumu kwa muda uliopangwa. Kulipuliza kwa maji ya mgandamizo mkubwa kunaweza kulivunja ndani huku nje likionekana zima.

Kazi ya fundi ni kusoma kabla ya kufungua. Kifaa cha kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya lori ni ghali kwa gereji moja ndogo, lakini si ghali kwa wasafirishaji kumi wanaochangishana. Wakulima wa Karagwe na Kyerwa wamezoea ushirika kwenye kahawa, na hakuna kinachozuia utaratibu huo kutumika kwenye vyombo vinavyoibeba kahawa hiyo.

Wajibu wa serikali

Lawama zote haziwezi kutupiwa msafirishaji. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007. Lakini sheria ya moshi huhitaji kipimo cha moshi. Jicho la askari wa usalama barabarani huona wingu jeusi. Haliwezi kuona oksidi za naitrojeni wala chembe ndogo zinazopenya hadi ndani ya mapafu. Lori lililong'olewa chujio linaweza kupita mbele yake likionekana safi.

Iwapo kupima moshi kutakuwa sehemu ya kawaida ya ukaguzi wa magari, na iwapo vyuo vya ufundi stadi vya VETA vitafundisha mitambo hii kwa uzito ule ule wa gia na breki, uamuzi wa msafirishaji utabadilika wenyewe. Leo anayetunza mtambo wake analipia AdBlue, oili bora na usafishaji, kisha anashindania mzigo ule ule, kwa nauli ile ile, na aliyeng'oa kila kitu. Soko la namna hiyo humwadhibu mwaminifu.

Hadi hapo, uamuzi unabaki mikononi mwa mwenye lori. Siku taa ya njano itakapowaka Kituntu, fundi wa kumsikiliza ni yule atakayeanza kwa kuuliza dizeli ilinunuliwa wapi, oili ni ya aina gani, na lori limekuwa likitembea umbali gani kwa safari. Anayeanza kwa kuomba spana za kung'olea chujio hajaijua hitilafu bado.